UZI MAALUMU: Ukoo wa Mchungaji Tiyo Soga, Mpresbiteri mweusi wa mpakani

Kalamu ya Ruvuma (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Ukitaja mchungaji wa Kipresbiteri wa karne ya 19 aliyehubiri mpakani, wengi wetu picha inayokuja ni ya Mzungu mwenye ndevu ndefu na gari la kukokotwa na ng'ombe. Leo naleta mwingine. Anaitwa Tiyo Soga, Mxhosa, Mwafrika Kusini mweusi wa kwanza kuwekewa mikono kuwa mchungaji wa Kipresbiteri, mwaka 1856. Sileti mahubiri yake, naleta ukoo wake. Nimeusoma muda mrefu na kuna jambo linanikera: kila anayemwandika anaanza na Glasgow, kana kwamba Scotland ndiyo iliyomtengeneza. Mimi nasema Tiyo ni kazi ya mama yake, na nitawaonyesha kwa nini.

Kwanza tuelewane ninaposema mpakani. Ni mashariki ya koloni la Cape, pale ambapo ardhi ya walowezi iligusana na ardhi ya Waxhosa. Kuanzia 1779 hadi 1879 vilipiganwa vita tisa hapo. Kila vita ikiisha mpaka ulisogezwa mashariki, na watu waliokuwa na mashamba jana wakawa hawana leo. Ukoo wa Soga uliishi katikati ya hayo yote.

Babu mzaa baba aliitwa Jotello. Alikufa vitani Amalinde mwaka 1818, Waxhosa wakipigana wenyewe kwa wenyewe, watu wa Chifu Ngqika dhidi ya watu wa Chifu Ndlambe. Yeye alikuwa upande wa Ngqika.

Mwanawe, ambaye vitabu vinamwita Mzee Soga, akawa mshauri wa Ngqika na baadaye wa mtoto wake, Chifu Sandile. Alikuwa na wake wanane. Alikuwa amemsikiliza nabii Ntsikana, yule Mxhosa aliyeanza kuimba tenzi za Kikristo kwa mahadhi ya kwao, akafa 1821. Kwa hiyo Mzee Soga alimjua Mungu wa Ntsikana bila kubatizwa na mtu yeyote. Pia alikuwa miongoni mwa Waxhosa wa mwanzo kulima kwa plau na kuchimba mfereji wa kumwagilia shamba. Mtu wa mila, mwenye wake wengi, mshauri wa chifu, na plau shambani. Msimweke kwenye fungu moja, hatoshei.

Sasa mama. Nosuthu alikuwa mke mkuu wa nyumba ile. Akaokoka. Na baada ya kuokoka akamwendea mumewe akaomba aachiliwe atoke katika ndoa ya wake wengi, akaishi karibu na misheni. Wakuu, fikirieni uzito wa hilo. Mke mkuu wa mshauri wa chifu, mwanamke ambaye mwanawe ndiye mrithi, anaomba kuacha cheo chote hicho. Mume akakubali. Nosuthu akahamia misheni ya Tyhume akiwa na watoto wake, Tiyo akiwemo, aliyezaliwa 1829, wa saba kati ya tisa.

Nikipumzika nitaendelea na safari ya Scotland.

Binti Ludewa

Nimeweka kambi hapa. Kaka, swali moja: huyo mama akiwa Mkristo na baba ana mila zake, mtoto alikwenda jando? Maana kwa Waxhosa nasikia bila jando wewe si mtu mzima hata uwe na mvi.

Kalamu ya Ruvuma

Dada, umegonga penyewe. Hakwenda. Mama alikataa, na baba akamwachia. Kwa Waxhosa mwanamume asiyetahiriwa ni mvulana, hata akiwa na mke na watoto hahesabiwi barazani. Neno hilo lilimfuata Tiyo maisha yake yote. Aliporudi akiwa msomi wa chuo kikuu, amevaa kola ya mchungaji, kwa baadhi ya watu wa kwao alikuwa bado ni mvulana. Na kwa walowezi wa mpakani alikuwa "boi" kwa maana yao nyingine. Alisimama katikati ya pande mbili ambazo zote zilimnyima utu uzima, kila mmoja kwa sababu yake.

Tuendelee.

Kaka yake mkubwa, Festiri, ndiye aliyesoma kwanza misheni, kisha akafungua darasa kijijini kwa baba yao. Tiyo alianzia hapo. Mmisionari William Chalmers wa Tyhume akamwona ana akili, 1844 akampeleka Lovedale, shule iliyoongozwa na William Govan. Lovedale wakati ule weusi na weupe walisoma pamoja.

Mwaka 1846 kikalipuka kile wanachokiita Vita vya Shoka, kwa sababu kilianza na shoka lililoibwa dukani Fort Beaufort. Lovedale ikafungwa. Nosuthu akakimbia na watoto hadi kwenye ngome moja bondeni mwa mto Kat, wakaishi huko kama wakimbizi. Hapa kuna jambo dogo ambalo mimi nalishika kuliko shahada zote za Tiyo. Hapakuwa na mshumaa wala mafuta. Kila jioni Nosuthu alitoka kuokota vipande vya mti fulani mgumu wenye mafuta, ambao ukiwashwa unawaka vizuri. Akaviwasha, na mwanawe akasomea mwanga ule. Vita vinaendelea, chakula hakuna cha kutosha, mama anatafuta kuni za kusomea!

Govan alipoamua kurudi kwao, akamwomba Nosuthu amruhusu Tiyo aende naye Scotland. Mama alijibu kwamba mwanawe ni mali ya Mungu, na Mungu wa hapa ndiye Mungu wa huko. Akamwachia. Tiyo akapanda meli akiwa na miaka kama 17.

Mei 1848 alibatizwa Glasgow, katika kanisa la John Street la United Presbyterian, na Mchungaji William Anderson. Lishikeni jina hilo, litarudi. Mwaka huohuo akaondoka kurudi nyumbani kama mwinjilisti, akafundisha kituo kipya cha Uniondale. Krismasi ya 1850 vita vingine vikaanza, vile vya nabii Mlanjeni, kituo kikachomwa moto. Akarudi Scotland mara ya pili, safari hii akisoma Chuo Kikuu cha Glasgow na kisha teolojia. Desemba 1856 akawekewa mikono.

Februari 1857 akamwoa Janet Burnside, binti wa Glasgow, mfanyakazi wa kiwanda cha nyuzi. Miezi michache baadaye wakapanda meli, na tarehe 2 Julai wakatua Port Elizabeth. Mweusi na mkewe mweupe, wameshikana mikono, wanatembea barabarani kwenye koloni la Cape mwaka 1857. Watu walisimama kuwakodolea macho. Janet hakurudi nyuma, na kwa hilo mimi namheshimu sana.

Nyasa77

Mkuu heshima kwako. Naomba nichomekee kitu hapo Lovedale, maana kinatuhusu watu wa Ziwa Nyasa. Wascotland walipoanzisha misheni ya Livingstonia upande wa Malawi, 1876 walichukua wainjilisti Waxhosa kutoka Lovedale hiyohiyo, na mashuhuri wao ni William Koyi. Koyi ndiye aliyeweza kuongea na Wangoni wa Chifu Mbelwa moja kwa moja, kwa sababu Kingoni na Kixhosa ni ndugu. Mzungu alihitaji mkalimani, Koyi hakuhitaji. Akafia hukohuko 1886. Sisi wenye asili ya Kingoni tunalijua jina hilo.

Kalamu ya Ruvuma

Shukrani sana mkuu. Koyi anastahili uzi wake, na wewe ndiye wa kuuandika.

Sasa nchi aliyoikuta Tiyo. Miaka michache nyuma, 1853, homa ya mapafu ya ng'ombe iliingia kwa meli kutoka Ulaya, ikasambaa mpaka kwa Waxhosa. Ng'ombe wanakufa wakikohoa, ardhi imechukuliwa, vita vimeshindwa. Mwaka 1856 binti mdogo, Nongqawuse, akasema amekutana na mizimu mtoni: wachinje ng'ombe wote, wamwage nafaka, wafu watafufuka na mifugo mipya itatoka ardhini. Wengi wakaamini. Siku iliyotajwa, Februari 1857, ikapita kama siku nyingine. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kwa njaa kuwa takribani 40,000, na ng'ombe waliochinjwa takribani 400,000. Gavana George Grey akaitumia njaa ile kuwasukuma maelfu kwenda kufanya kazi kwa walowezi na kugawa ardhi yao.

Tiyo alitua miezi mitano tu baadaye. Alikwenda Mgwali, kwa watu wa Sandile, watu walewale ambao baba yake aliwashauri, akaanza kituo na wenye njaa waliokuja kuomba chakula. Katika siku hizo za kurudi ndipo alipotunga wimbo "Lizalis' idinga lakho", yaani timiza ahadi yako, Bwana Mungu wa kweli. Soma wimbo ule ukijua alikuwa anaona nini dirishani.

Tarehe 8 Januari 1912 huko Bloemfontein, wajumbe walipokutana kuanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC, mkutano ulifunguliwa kwa wimbo huo wa Tiyo. Na siku ileile ukaimbwa "Nkosi Sikelel' iAfrika" wa Enoch Sontonga, ambao sisi Watanzania tunausimamia kila siku kwa maneno yetu.

Mkereketwa wa Kweli

Mkuu, uzi mzuri ila tusipambe. Huyu alikuwa mtu wa wakoloni. Amesomeshwa na Wazungu, ameoa Mzungu, mwaka 1860 akaongozana na Chifu Sandile kwenye meli ya mtoto wa Malkia Victoria hadi Cape Town. Misheni ilikuwa mkono wa dola. Watu wananyang'anywa ardhi, yeye anawaambia wasali.

Kalamu ya Ruvuma

Ndugu, hoja yako ni halali na siikwepi. Safari ya 1860 ni kweli. Na ni kweli aliamini kwamba Malkia aliyeko mbali ana haki kuliko mlowezi aliye karibu, imani ambayo Waafrika wengi wasomi wa zama zile walikuwa nayo. Wakati ukawahukumu wote.

Lakini angalia mwaka 1865. Mmisionari mwenzake, John Aitken Chalmers, mtoto wa yule William Chalmers aliyempeleka Lovedale, aliandika makala akidai kwamba Waxhosa ni wavivu, hawapokei ustaarabu, na mwisho wao ni kutoweka. Hao ni watu waliokua pamoja Tyhume. Tiyo alimjibu hadharani, katika gazeti la King William's Town la Mei 1865. Hakujitetea yeye, wala hakusema "sisi tuliosoma tutapona". Alisema mtu mweusi amekuwepo tangu zama za Biblia, amepita utumwa, ametawanywa hadi Marekani na visiwa vyake, na bado yupo, anaongezeka, na wengine wamerudi Liberia. Hakuzungumzia Waxhosa peke yao, alizungumzia Waafrika wote kama watu wamoja. Hiyo ni 1865, miaka 35 kabla ya mkutano wa kwanza wa Pan-Afrika London. Mtu wa wakoloni haandiki hivyo.

Na hapa wanaopenda historia za koo wafungue macho. Tiyo alipofariki, aliyeandika kitabu cha kwanza cha maisha yake, 1877, ni Chalmers huyohuyo. Barua nyingi za Tiyo tunazijua kwa sababu Chalmers alizinukuu, na sifa nyingi anazopewa zimepimwa kwa kipimo cha Chalmers. Hata habari ya Nosuthu na kuni zake imepita mkononi mwake. Kwa hiyo ukimsoma Tiyo, kila ukurasa jiulize nani ameshika kalamu.

Jambo la mwisho kwako ndugu Mkereketwa. Mzee wa kanisa pale Mgwali aliitwa Dukwana, mtoto wa Ntsikana yule nabii. Vita vya mwisho vilipoanza 1877, Dukwana alishika bunduki akasimama na Sandile, na wote wawili wakauawa 1878. Mzee Soga, baba yake Tiyo, naye aliuawa katika vita hivyohivyo, akiwa kikongwe. Misheni ya Tiyo haikuwatoa watu hawa katika taifa lao.

Mkereketwa wa Kweli

Habari ya Dukwana sikuwa naijua. Hapo kwenye imani ya Malkia bado nasimama nilipo, lakini hilo jibu la 1865 nitalitafuta nilisome. Endelea na watoto.

Kalamu ya Ruvuma

Karibu mkuu, tunajenga.

Tiyo alikuwa mgonjwa wa koo na kifua miaka yake ya mwisho. 1868 akahamishwa Tutura, upande wa Chifu Sarhili, kuanza kituo upya, kazi ya kubomoka mgongo hata kwa mzima. Alifariki 12 Agosti 1871, akiwa na miaka 42 hivi.

Kabla ya hapo, wanawe wa kiume walipokuwa wanapelekwa Scotland kusoma, aliwaandikia daftari. Ndani yake kuna mawaidha 62, na aliliita urithi wa watoto wake. Anawaambia wamshukuru Mungu kwa mama Mscotland mwenye heshima, lakini wasimwonee haya baba mweusi. Dunia itawaona weusi, basi wajiweke wenyewe upande wa weusi, wajihesabu Waafrika, na wanunue kutoka kwa mweusi na wamwinue mweusi inapowezekana. Watoto chotara, 1870, na baba yao anawafundisha hivyo! Mimi nalisoma daftari lile kama mwendelezo wa yale aliyofanya Nosuthu: mzazi anayejua mtoto anakwenda mbali na anamfunga mzigo kabla hajaondoka.

Majina yao pia yanasema. Wa kwanza, William Anderson, kapewa jina la mchungaji wa John Street. Akahitimu udaktari Glasgow 1883, Mwafrika Kusini mweusi wa kwanza kuwa daktari wa tiba, akarudi kutibu na kuhubiri kwa Wabomvana. Wa pili, John Henderson, mchungaji na mwanahistoria. Wa tatu, Allan Kirkland, akasoma sheria, akawa mhariri wa gazeti la Izwi Labantu, mwanasiasa mkali. Wa nne akapewa Jotello la babu aliyekufa Amalinde, na Festiri la baba mkubwa aliyefungua darasa kijijini. Jotello Festiri Soga akawa daktari wa mifugo.

Daktari Mifugo

Hapo kwa Jotello naomba nafasi, huyu ni mtu wetu. Alihitimu Edinburgh 1886, mweusi wa kwanza wa Afrika Kusini kuwa daktari wa mifugo, na 1889 serikali ya Cape ikamwajiri. Alionyesha kwamba ugonjwa fulani wa mbuzi na kondoo unaopooza misuli unatokana na mmea wenye sumu unaoitwa nenta. Na alikuwa akionya kuhusu sotoka, yaani tauni ya ng'ombe, kabla haijafika kwao.

Wafugaji wa huku wanajua sotoka ilifanya nini. Ilitokea pembe ya Afrika, 1890 na 1891 ikafyeka ng'ombe wa Wamaasai, njaa na ndui vikafuata. Halafu ikaendelea kusini, 1896 ikavuka Zambezi. Jotello aliingia kazini kupambana nayo, na 1899 akaacha kazi kwa sababu ya afya, akafa 1906. Chanjo nzuri ya sotoka ilikuja kutengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright miaka ya 1960, na 2011 dunia ikatangazwa kuwa huru na ugonjwa huo. Maktaba ya kitivo cha mifugo Onderstepoort, Chuo Kikuu cha Pretoria, ina jina la Jotello Soga.

Kalamu ya Ruvuma

Daktari, asante. Mtoto wa nchi iliyoteketezwa na homa ya mapafu ya ng'ombe anasomea ng'ombe. Hilo peke yake linatosha kuandikiwa kitabu.

Nimalizie na John Henderson. Mwaka 1862 gazeti la Kixhosa liitwalo Indaba lilipoanza, Tiyo aliandika toleo la kwanza kwa jina la kificho, akiwaomba watu walete hadithi, mila, nasaba za machifu na sifa za ng'ombe wao, vihifadhiwe kwenye maandishi visipotee. Pia alitafsiri kwa Kixhosa sehemu ya kwanza ya "Safari ya Msafiri" ya John Bunyan. John Henderson alikuwa mtoto wa miaka 11 baba alipokufa. Alipozeeka alifanya yote mawili: akatoa tafsiri ya sehemu ya pili ya kitabu kilekile, na 1930 kikatoka kitabu chake kikubwa cha historia na nasaba za makabila ya kusini-mashariki. Alistaafu akahamia Southampton, Uingereza. 1941 bomu la Wajerumani likaangukia nyumba, akafa na mkewe na mwanawe.

Binti Ludewa

Kaka Kalamu, umeanza na mwanamke ukamaliza na wanaume wanne. Mabinti je? Au Tiyo hakuwa na mabinti?

Kalamu ya Ruvuma

Dada, alikuwa nao, na una haki ya kuwadai. Isabella alikufa 1884 angali kijana. Frances alifanya kazi ya misheni Afrika Kusini. Mdogo wao ni Jessie Margaret, aliyezaliwa 1870, ambaye baba alimwacha akiwa mchanga. Janet alirudi Scotland na watoto, wakaishi Dollar, na Jessie akakua huko akasomea muziki. Akawa mwimbaji wa sauti nzito ya kike na mwalimu wa muziki Glasgow.

Mwaka 1908 utamkuta kwenye mikutano ya wanawake wa Glasgow wanaodai haki ya kupiga kura. Aliingia Women's Freedom League, chama cha wanawake waliodai kura, baadaye WSPU, chama kingine cha aina hiyo cha kina Pankhurst, akawa mmoja wa viongozi wa kampeni hiyo Glasgow, akihutubia na kuandaa mikutano. Kati ya wanawake wa Scotland waliopigania kura, ndiye pekee anayejulikana hadi sasa kuwa na asili ya Kiafrika. Alifariki 1954. Watafiti wamemrudisha kwenye historia miaka ya karibuni tu, kwa kufuatilia magazeti ya zamani ambamo anatajwa kama Miss Soga bila mwandishi kueleza baba yake ni nani.

Nakusanya matangazo ya mikutano yake, nikiyapanga nitayaweka hapahapa.